Mlango wa Nyuma, Asahikawa

Nimekuja na maswali yangu arobaini,
na kalamu mbili, maana wino huganda njiani.
Viatu huachwa mlango wa mbele.
Meneja Tadokoro ananipa sapatu za wageni.
Zimenizidi. Naanza ukaguzi kwa kuburura miguu
kama bibi harusi asiyetaka kufika.

Ni ofisi ya hesabu za wafuga ng'ombe wa maziwa:
watu kumi na mmoja, madawati yamesogeleana kwa baridi,
birika linachemka juu ya jiko la mafuta ya taa
(swali la nane; nitalirudia).

Vizimamoto viwili, mishale yake kwenye kijani.
Cha tatu kimetundikwa koti.
"La nani?"
Kimya. Kisha Bi Mizuho wa mishahara anainuka,
analitoa, anainama mara mbili:
kwangu mara moja, kwa kizimamoto mara moja.

Waya umepita chini ya zulia,
umetuna kama mshipa wa mtu aliyekasirika.
Nauandika.
Kabati la mafaili, refu kuniliko, halijafungwa ukutani.
Nalisukuma kwa kidole. Linaitikia.
"Ardhi ya hapa haitikisiki sana," asema Tadokoro.
Sana.
Neno hilo nimelikuta hata kwenye ripoti
za majengo ambayo hayapo tena.

Kazi yangu ni ya mgeni anayefunua vyungu.
Nikiona kosa, nina jicho baya.
Nisipoliona, siku moja wataliona wote kwa pamoja.

Swali la thelathini na moja:
Je, mlango wa dharura hufunguka bila kizuizi?
Nina nakala za miaka tisa mkobani, zote za Februari,
zote zinasema ndiyo, kwa mwandiko wangu huu huu.
Nashuka ngazi sita. Nasukuma.
Mlango unasogea upana wa kiganja, halafu unagoma.
Natia bega. Tadokoro anatia la kwake, tai ikimning'inia.
Kwenye ule upenyo theluji inatutazama,
imeshindiliwa, imefika kitasani.

"Haijawahi kutokea," anasema. "Kila mwaka huwa wazi."
Ni kweli. Kila mwaka huwa wazi.
Hakuna aliyeuliza kwa nini, na mimi ndiye niliyelipwa kuuliza.

Bi Mizuho anasema, akiziangalia sapatu zake:
yule mzee Hatsuo, wa stoo,
alikuwa akija saa kumi na moja alfajiri
na koleo alilolitoa kwake.
Hakutumwa na mtu.
Alistaafu Novemba. Tulimpa maua na saa ya ukutani.

Nasimama na kalamu hewani.
Basi miaka tisa sikukagua mlango.
Nilikuwa nakagua mgongo wa mtu mmoja,
nikiupigia tiki kila mwaka,
wala sikuwahi kumwona akinyooka.

Naandika: HAPANA.
Naandika: kibanda juu ya mlango, koleo mbili, zamu yenye majina.
Kwenye nafasi ya maoni, mistari miwili tu,
naandika "Hatsuo", naikata, naiandika tena.
Makao makuu watadhani ni aina ya mashine.

Alasiri wanachimba, hata wale wa kodi,
wakicheka kama watoto waliofunga shule.
Mlango unafunguka wote.
Nautoka mimi wa kwanza, kwa heshima ya fomu,
hatua moja, mbili,
ndipo baridi inanipanda vidoleni:
sapatu za wageni, na theluji,
na viatu vya watu kumi na mmoja
vimepangwa vizuri kule mbele, upande wa jiko.

Sijarudi ndani bado.
Nimeegemea ukuta, mguu mmoja juu kama korongo,
naandika kwa mkono swali la arobaini na moja.